Sumukuvu kwenye mahindi: mstari ukififia, ogopa

ATUPELE: Karibuni tena. Mnunuzi yuko Makambako, anataka kujua kama mahindi yana sumukuvu, ile sumu inayotoka kwenye ukungu, kabla hajapakia lori. Mkononi ana stripu, inafanana na kipimo cha mimba. Kaka Gwamaka, mle ndani kuna nini?

GWAMAKA: Dhahabu, dada. Chembe za nanomita 40 hivi. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haionekani ya njano, inakuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Kila chembe imevishwa kingamwili zinazokamata sumukuvu. Kwenye mstari wa T, yaani wa kipimo chenyewe, kuna sumukuvu kidogo iliyobandikwa kiwandani. Mahindi yakiwa safi, chembe zinanasa pale na mstari unakolea. Yakiwa na sumu, kingamwili zinafika mikono imejaa, zinapita tu.

ATUPELE: Kwa hiyo mstari hafifu ndio mbaya?

GWAMAKA: Ndiyo. Kipimo cha mimba kinasomwa kinyume chake, ndiyo maana watu wanachanganya. Na mstari wa C, unaoonyesha kama stripu yenyewe inafanya kazi, usipotokea, tupa, anza upya.

ATUPELE: Kikomo ni kipi?

GWAMAKA: Kwa kiwango cha Afrika Mashariki, sumukuvu zote kwa jumla zisizidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, na ile aina iitwayo B1 peke yake 5. Gunia la kilo 100, hiyo ni miligramu moja! Tena inaweza kuwa imejificha kwenye punje chache tu. Mimi naamini makosa makubwa hutokea kwenye bambo, kile chuma cha kuchomea gunia ili kutoa punje, kabla stripu haijafunguliwa. Choma juu, kati na chini, magunia mengi, upate kama kilo 5. Saga zote, changanya vizuri, ndipo uchote unga wa kupima. Ukichota konzi moja ya punje, unapima bahati.

ATUPELE: Halafu?

GWAMAKA: Fuata maelekezo ya kipimo chako. Baadhi ya watengenezaji wanataka gramu 10 za unga kwenye mililita 50 za ethanoli ya asilimia 65, tikisa dakika 3, chuja, kisha zimua kwa maji yake maalumu. Usiruke kuzimua. Pombe kali inaharibu kingamwili, na T inafifia hata kwa mahindi safi.

ATUPELE: Na baridi yetu ya Juni?

GWAMAKA: Inasumbua kweli. Kingamwili zinafanya kazi polepole, mistari yote inatoka dhaifu. Pimia kwenye joto lililoandikwa. Kama pakiti imetoka kwenye friji, iache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo umande unailowesha stripu. Soma dakika ileile iliyotajwa. Ikikauka, rangi hubadilika.

ATUPELE: Wengine husema ugali ukiiva sawasawa, sumu imekwisha.

GWAMAKA: Hapana, dada. Moto wa jikoni hauimalizi.

ATUPELE: Jibu likiwa karibu na kikomo?

GWAMAKA: Peleka maabara. Kwa hiyo usimwage unga uliobaki: weka nusu kilo kwenye mfuko safi mkavu, andika tarehe na namba ya mzigo, ili wapime unga uleule uliopima wewe.