Forodhani bila ngano: kwanza niulize karai

Asalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Leo siko Birmingham, nipo nyumbani, Forodhani hapa. Magharibi imeshaswaliwa, taa zimewashwa, na huyo kijana nyuma yangu anatandaza unga wa pizza. Mtazameni anavyojipangusa mikono: vumbi lote linatua kwenye mishkaki ya jirani yake. Mie pale sikai hata foleni.

Mmeniuliza sana mbona urojo siugusi siku hizi. Nna ugonjwa wa seliaki. Nikila gluteni, ile protini ya kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka nyengine ya jamii ya ngano), kinga ya mwili wangu inaugeukia utumbo mwembamba na kuuharibu. Kidonge chake hakuna, ni kuacha gluteni maisha yote. Si aleji hasa, lakini kwa muuzaji nasema "aleji ya ngano", maana nikisema gluteni ataniuliza ndo samaki gani huyo.

Urojo wetu ule uzito wake unatoka wapi? Unga wa ngano. Hata ukitoa bajia zote, bakuli zima bado ngano. Bokoboko pia ngano, na uji wa shayiri wa Ramadhani ndo basi tena. Bokoboko limeniuma kuliko urojo, nisiseme uongo.

Sasa juzi nimeponzwa na muhogo. "Shikamoo mama, muhogo huu una ngano?" "Marahaba mwanangu, muhogo mtupu!" Na kweli, hakunidanganya. Nikala wote na chatne yake. Nageuka kutupa karatasi, namuona anatumbukiza sambusa kwenye karai lile lile. Na gluteni haifi kwa moto wa mafuta. Usiku kucha chooni, tumbo limevimba kama ngoma.

Siku hizi naanza na karai: mafuta haya yamekaanga nini leo? Halafu kisu, halafu wavu, halafu nyama imerowekwa na nini, maana sosi ya soya nyingi ina ngano. Nakuja mapema, kabla mtu hajazongwa na wateja. Vitumbua na bajia za dengu nauliza kila mara, wapo wanaotia ngano kidogo vishikane. Mkate wa kumimina wa mchele na nazi, huo nautafuna kwa raha zangu.

Uingereza, tangu Disemba 2014, sheria inautaka mkahawa ukwambie vizio 14, yaani vyakula vinavyoleta aleji, nafaka zenye gluteni zikiwemo. Vizuri sana. Lakini mara nyingi anayenihudumia hajui jikoni kumepikwa nini, anakwenda kusoma karatasi. Hapa karatasi hakuna, ila aliyekuna nazi ndo huyo huyo anayenipakulia. Nikiuliza vizuri, ananijibu mpaka chumvi.

Shida ni kwa shangazi. "Chapati kidogo tu mwanangu, sema bismillahi." Shangazi, chakula kinachouzwa kwa jina la "hakina gluteni" hakitakiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo nzima! Simwambii hivyo, nakwenda na mkate wangu wa kumimina, nasema nimemletea zawadi.

Na wewe unayeharisha kila siku na damu haipandi: usiache ngano kabla ya kipimo cha damu. Ukiacha, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa unao.

Haya, bwana wa pweza ananiita, ngojeni. Kaka, kisu hicho umekatia nini?