Nukta mkato si pumziko

Mabibi na mabwana, karibuni. Nimepewa saa nzima nizungumzie alama moja tu ya uakifishi wa Kiingereza, nukta mkato (;), na najua wapo humu waliokuja kuona saa hiyo itajazwa na nini.

Nianze kwa kuuliza. Nani alifundishwa kwamba kwenye koma unapumzika kidogo, kwenye nukta mkato unapumzika zaidi, na kwenye nukta unatua kabisa? Naam, karibu wote. Fundisho hilo lina umri mkubwa. Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi mwaka 1762, na humo alipiga hesabu kabisa: nukta ni mara mbili ya koloni (:), koloni ni mara mbili ya nukta mkato, nukta mkato ni mara mbili ya koma. Kwa msomaji wa sauti hesabu hiyo ina faida. Kwa mwandishi wa leo inapotosha, kwa sababu pumzi haijui sentensi imekamilika wapi. Mtu mwenye kifua kirefu na mwenye mafua wangeakifisha barua moja kwa namna mbili.

Tuache pumzi. Kanuni ya kwanza ni kwamba kushoto kwa nukta mkato pawe na sentensi kamili, na kulia pawe na sentensi kamili. Ukitaka kujipima, weka nukta mahali pake kwanza. Pande zote mbili zikisimama zenyewe, umepata ruhusa. Hiyo ni ruhusa. Sababu ni jambo jingine.

Tazameni ubaoni. Nimeandika: "The manager resigned in March. The losses had started in January." Meneja alijiuzulu Machi, hasara zilianza Januari. Hizi ni habari mbili, kila moja na lake. Sasa nafuta nukta ya kati, naweka nukta mkato: "The manager resigned in March; the losses had started in January." Maneno ni yale yale, lakini msomaji ameshaanza kunusa kitu. Namwambia mambo haya yasomwe pamoja, uhusiano autafute mwenyewe. Na nikiandika "because"? Hapo nimeshatoa shutuma, na meneja anaweza kunidai ushahidi. Nukta inatenganisha, "because" inatamka, na nukta mkato inakaa katikati, inadokeza. Mwandishi asiyekuwa nayo hulazimika kuchagua kati ya kunyamaza na kusema zaidi ya anachokijua.

Ndiyo maana haifai kuwekwa mahali ambapo hakuna cha kudokeza. "The manager resigned in March; the office has two floors." Sarufi haina kosa. Msomaji atazunguka ofisi nzima akitafuta ghorofa mbili zinahusianaje na kujiuzulu, na akikosa atakulaumu wewe, tena kwa haki.

Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna mtego wetu hapa, nao sijauona ukielezwa vya kutosha darasani. Kiswahili hukubali useme: "Mvua ilikatika, kazi ikaendelea." Koma inatosha, kwa sababu ile -ka- iliyo ndani ya kitenzi imeshaunganisha. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiungo cha namna hiyo. Ukiandika "The rain stopped, work continued", mhariri ataizungushia wino mwekundu: sentensi mbili kamili zimeshikizwa kwa koma tu. Wengi wakiambiwa hivyo hukimbilia nukta mkato kila mahali, na hapo ndipo nawaomba mtulie. Kama unasimulia tukio likifuatwa na tukio, "and" ndiyo iliyo karibu zaidi na -ka- yetu: "The rain stopped and work continued." Nukta mkato iwekeni akiba kwa pale ambapo mawazo ndiyo yanayojibizana: "The rain stopped; the damage had been done." Hapa upande wa pili hausogezi hadithi mbele. Unaupima ule wa kwanza.

Ndugu wa karibu wa kosa hilo ni "however". Kila rundo la insha ninalosahihisha lina sentensi ya sampuli hii: "The report was late, however, the board accepted it." Neno hilo tunalidhania kuwa kiunganishi kama "but". Ni kielezi, na kielezi hakina nguvu za kufunga sentensi mbili. Andikeni: "The report was late; however, the board accepted it." Nukta mkato mbele yake, koma nyuma yake. Wenzake ni "therefore", "moreover", "nevertheless". Lakini msiwe watumwa wa neno: katika "The board, however, accepted it" neno limeingia katikati ya sentensi moja, na koma mbili zinatosha.

Je, kialama hiki kina uzito wowote nje ya darasa? Waulizeni wenye hoteli wa Massachusetts, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Sheria ya jimbo ilikataza kuuza pombe kati ya saa tano usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kisha ikakataza pia siku ya Jumapili, isipokuwa mwenye nyumba ya wageni aweze kuwahudumia wageni wake. Baada ya yale masaa ya usiku palikuwa na nukta mkato. Suala likafika mahakama ya juu ya jimbo: hiyo "isipokuwa" inarudi nyuma hadi wapi? Majaji wakaona nukta mkato ni ukuta. Msamaha ulihusu Jumapili peke yake, na hoteli nazo zikafunga vinywaji saa tano. Watu wakaibatiza Sheria ya Nukta Mkato, hadi ilipobadilishwa baadaye. Koma mahali pale ingeweza kuacha mlango wazi.

Ukuta huo ndio unaoeleza kazi ya pili ya alama hii, ambayo haifuati kanuni ya sentensi kamili. Orodha ikiwa na koma ndani ya vipengele vyake, koma haziwezi tena kutenganisha vipengele vyenyewe. "Paris, France; London, Ontario; and London, England" ni miji mitatu. Weka koma tupu, msomaji ahesabu majina sita.

Ninayempenda zaidi kwa matumizi haya ni Martin Luther King, mpigania haki za Weusi wa Marekani. Katika barua yake ya mwaka 1963 kutoka jela ya Birmingham, anawajibu waliowataka Weusi wasubiri. Anaanza na "when", anataja dhuluma moja, nukta mkato, "when" nyingine, dhuluma nyingine, nukta mkato, na anaendelea hivyo kwa sentensi moja yenye maneno zaidi ya 300 kabla ya kufika kwenye "then". Hakuna kipande hata kimoja cha "when" kinachosimama peke yake, kwa hiyo kile kipimo chetu cha nukta kingevishinda vyote. Lakini angetumia koma vingetapakaa, na angetumia nukta angempa msomaji nafasi ya kutua. Hakumpa. Aliyewaambia wenzake wasubiri analazimishwa kusubiri mwisho wa sentensi.

Mengine nayapitia haraka. Baada ya kishazi tegemezi kinachoanza na "although" au "because", weka koma. Kabla ya kuanza kutaja orodha, weka koloni. Baada ya nukta mkato usianze na herufi kubwa, isipokuwa neno lenyewe ni jina. Ikikutana na alama za kufunga usemi, hukaa nje yake. Na mkisoma Kigiriki, umbo hilo hilo ni alama ya kuuliza, msishangae.

Kurt Vonnegut, mwandishi wa riwaya wa Marekani, aliwashauri waandishi wasiitumie kabisa nukta mkato. Ushauri huo ulimfaa aliyeandika sentensi fupi za kukata. Mtu wa mikataba na ripoti akiufuata, atajaza "and" mpaka kurasa ziishe.

Naona mkono kule nyuma. Dada anauliza kama inaruhusiwa kabla ya "and". Kwa kawaida hapana, koma inatosha. Lakini sentensi zako mbili zikiwa ndefu na zimejaa koma ndani, weka nukta mkato kabla ya hiyo "and" ili jicho lione pale upande wa pili unapoanzia. Na akija mhariri wa kukukatalia, mwambie akutenganishie pande hizo mbili kwa koma uone kama ataweza.