Skrini Nyeusi Baada ya Kexec

MWENDE: Karibuni tena. Tuko Nairobi, stima ipo, tuanze kabla haijabadilisha nia. Juma, leo ni skrini nyeusi.

JUMA: Nyeusi tititi. Umeweka kerneli mpya ya Linux, yaani kiini cha mfumo, kwenye seva, na hutaki kungoja dakika kadhaa ikijipima memori yote upya. Unatumia kexec, iliyoingia Linux 2.6.13 mwaka 2005. Kerneli ya zamani inaikabidhi mpya usukani moja kwa moja, BIOS, ile programu inayoiamsha mashine, haiguswi. Feni zinazunguka, taa ya diski inamemeta, picha hakuna.

MWENDE: Na mtu ameshakimbilia maduka ya elektroniki ya Luthuli kununua kebo ya HDMI.

JUMA: Kebo ilikuwa nzima sasa hivi tu! Wala usibonyeze kitufe cha kuzima, utapoteza ushahidi. Shika laptopu nyingine, jaribu kuingia kwenye seva kupitia mtandao, kwa ssh.

MWENDE: Ikijibu?

JUMA: Basi kerneli iko hai, kilichokwama ni draiva ya skrini, programu inayoiendesha kadi ya picha. Soma dmesg, orodha ya ujumbe wa kerneli. Ukiwa umeweka drm.debug=0x1e kwenye vigezo vya kuwashia, utaiona draiva ikiulizia skrini, ikichagua ukubwa wa picha, mpaka pale inapogonga ukuta. Ongeza na log_buf_len, inayopanua nafasi ya kuhifadhi ujumbe huo, maana mistari humiminika na ile ya mwanzo hufutwa.

MWENDE: Isipojibu?

JUMA: Waya wa serial, unaopeleka ujumbe wa kerneli kwenye kompyuta nyingine. Kuna netconsole pia, inapitisha ujumbe kwa mtandao, lakini mimi naiamini serial. Inasema tangu kerneli inafumbua macho.

MWENDE: Kinachonitatiza mimi ni hiki: kerneli ni ileile. Ukiiwasha kawaida, picha safi. Kwa kexec, giza.

JUMA: Ukiwasha kawaida, kadi ya picha inaanza upya na BIOS inaiandaa. Kexec hairudii hayo. Draiva mpya inaingia kama mpangaji anayekuta aliyehama ameacha mifereji wazi: kadi bado inasoma memori ya zamani, mipangilio ya skrini ni ya jana. Watu wanaichimba draiva inayoingia wiki nzima, kumbe mwenye makosa ni inayotoka.

MWENDE: Kwani haina hatua ya kuaga?

JUMA: Ipo, inaitwa shutdown. Kexec huiita kwa kila kifaa kabla ya kurukia kerneli mpya. Shida ni kwamba draiva kadhaa za skrini hazikuwa nayo. Mwaka 2023 nyingi zilianza kuongezewa mwito wa drm_atomic_helper_shutdown, unaozima skrini kwa utaratibu.

MWENDE: Nithibitishe vipi?

JUMA: Kwa ssh hiyohiyo, kabla ya kexec: funga mazingira ya picha, andika 0 kwenye /sys/class/vtconsole/vtcon1/bind ili konsoli, ile skrini ya maandishi, iiachilie kadi, toa draiva kwa modprobe -r, ndipo uruke. Picha ikirudi, umemkamata mkosaji: draiva inayotoka.

MWENDE: Na wanaosema weka tu nomodeset, kigezo cha kuizuia draiva isipange skrini?

JUMA: Aa, hiyo ni kufunika. Ukiwasha kawaida utapata picha iliyoachwa na BIOS. Baada ya kexec mara nyingi hata hiyo haipo, draiva ya kwanza ilishaivuruga.

MWENDE: Na asiyejua C, lugha ya kuandikia draiva, ili airekebishe mwenyewe?

JUMA: Aiweke modprobe -r kwenye skripti yake, maisha yaendelee. Kisha awatumie wanaotunza draiva dmesg mbili, ya kuwasha kawaida na ya kexec. Akituma moja, swali la kwanza litakuwa: iko wapi ya pili?