Kusafisha Picha, Sura Ibaki ya Mwenyewe

Dada: Karibuni tena, tupo Kigoma mjini. Msikilizaji wetu wa Ujiji ana paspoti saizi ya marehemu baba yake, anataka kuikuza aitundike sebuleni. Kaka, kazi hizi si ndizo zako?

Kaka: Ndizo zangu dada, na nyingi zinakuja wakati wa msiba, watu wana haraka. Inawezekana, ila kazi inaanzia kwenye skana, si kwenye Photoshop, ile programu ya kuhariri picha. Paspoti ina milimita 35 kwa 45. Ukiiskani kwa 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, vile vidoto vya rangi vinavyounda picha, upana unapata pikseli 413 tu. Zitandaze kwenye A4, kila inchi inabaki na pikseli 50. Uso wote ukungu.

Dada: Sasa aiskani kwa ngapi?

Kaka: 1200. Upana unafika pikseli 1654, na kwenye A4 unapata 200 kwa inchi. Kwa picha ya ukutani inatosha. Ukiskani ndogo halafu ukaikuza, programu inakisia pikseli mpya kwa kuangalia za jirani. Haimjui mzee wenu.

Dada: Na anayeletewa kwa WhatsApp?

Kaka: Aombe itumwe kama dokumenti. Ikija kama picha ya kawaida, imeshabanwa.

Dada: Mimi lipo linaloniuma. Bibi harusi anaingia studio na weusi wake mzuri, picha inatoka nyeupe kama karatasi. Shangazi zake wanaulizana, huyu ni nani?

Kaka: Hilo nalikataa hata mteja akiomba. Chunusi itakwisha wiki ijayo, itoe. Kidoti, kovu, chale, hivyo ni vyake, viache. Ngozi ikitoka na giza, shida ni mwanga: inua vivuli vya usoni kidogo, yaani angaza sehemu zenye giza, rangi usiiguse.

Dada: Na zile ngozi za plastiki?

Kaka: Mtu amelainisha mpaka vinyweleo vimefutika. Nakili leya kwanza, yaani tabaka la picha, safisha kwenye nakala iliyo juu, kisha punguza ukolezi wake (opacity) hadi asilimia 60 hivi, ianze kupenyeza. Ngozi halisi inachomoza chini yake. Hata GIMP, programu ya picha ya bure, inafanya hivyo.

Dada: Fomu ikitaka picha ya mraba?

Kaka: Kata, usibane! Ukibana, uso unapanuka. Na faili ya asili usiihifadhie juu yake, JPEG, aina ya faili ya picha nyingi, inapoteza ubora kidogo kila ukiihifadhi upya.

Dada: Tumalizie kwa ndugu yetu wa Ujiji. Paspoti yake imekunjika, ina mikwaruzo.

Kaka: Mikwaruzo itoke yote, hiyo ni ya karatasi, si ya mzee. Aanze na ukuta wa nyuma, aje kwenye nguo, uso uwe wa mwisho. Machoni atumie brashi ndogo kabisa, mguso mmoja mmoja, na kila mara arudishe picha kwenye ukubwa wake aone kama bado ni baba.

Dada: Na mama awepo pembeni.

Kaka: Awepo, dada. Yeye ataona kabla yetu.