Anga ya Sinai 1973: Jenerali Shazly na mwavuli wa makombora

Jamani asanteni kwa kuja, naingia moja kwa moja maana muda wenyewe mdogo. Watu wengi ukiwatajia nguvu ya anga wanawaza jeti tu, nani anazo nyingi, nani kanunua mpya. Leo nataka tuangalie jeshi la Misri, lililojua kabisa kwamba angani halina ubavu na bado likapanga vita vizuri, mpaka wanasiasa walipoingilia.

Turudi 5 Juni 1967. Asubuhi ile marubani wa Misri walishamaliza doria ya alfajiri, ndege zimepaki uwanjani wazi wazi, halafu mkubwa wa jeshi, Abdel Hakim Amer, yuko hewani anaelekea Sinai kwa hiyo walinzi wa anga wameambiwa wasifyatue wasije wakamtungua yeye. Israel ikaingia saa hiyo hiyo. Ndege karibu 300 za Misri zikateketea siku moja, nyingi hazijaruka hata kidogo, na Israel ikaichukua Sinai yote mpaka ukingoni mwa Mfereji wa Suez.

Sasa Jenerali Saad el-Shazly akapewa unadhimu mkuu wa jeshi la Misri mwaka 1971 na akapiga hesabu bila kujidanganya, marubani wa Israel wanatuzidi na hilo halibadiliki leo wala kesho, basi tusiwafuate huko juu. Wakajaza makombora ya Kisovieti upande wa magharibi wa Mfereji wa Suez, yaani SA-2 na SA-3 kwa ndege zinazopita juu, SA-6 zinazotembea kwenye magari ya minyororo, Strela za begani na mizinga ya ZSU kwa anayejaribu kupita chini. Mpango wenyewe ulikuwa wa kiasi sana: vuka, ingia Sinai kilomita kama 10 mpaka 12, simama, chimba mahandaki. Kwanini hapo? Kwa sababu mwavuli wa makombora ndiyo unaishia hapo.

Tarehe 6 Oktoba 1973 saa nane mchana wakavuka, ukuta wa mchanga wa Israel pale ukingoni wakaubomoa kwa pampu za maji, na jeti za Israel zilipokuja kupiga madaraja zikaanza kudondoka. SA-6 ilikuwa ngeni kwao, vifaa vyao vya kuvuruga rada havikuiweza.

Halafu ikaja tarehe 14, na hapa mimi huwa naumia kila nikiisimulia. Syria, mshirika wa Misri kwenye vita hivi, inabanwa na Israel huko milima ya Golan, Rais Sadat wa Misri anataka kuisaidia, amri ikatoka vifaru visonge mbele. Shazly akakataa, makamanda wa majeshi yote mawili ya Misri pale mferejini, la Pili na la Tatu, nao wakapinga, haikusaidia. Vifaru vikatoka nje ya mwavuli, mbele Waisraeli wamejipanga wanasubiri, juu jeti, kama 250 vikapotea siku ile. Wanajeshi wale hawakukosa ushujaa hata chembe, waliongozwa vibaya.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Israel nayo ikavuka kwenda magharibi na vifaru vyake vikaanza kuwinda vituo vya makombora kimoja kimoja, yaani kifaru ndiyo kikamfungulia rubani njia. Mwisho Jeshi la Tatu la Misri likazingirwa. Desemba hiyo hiyo Shazly akaondolewa.

Israel haikusahau zile jeti zake zilizotunguliwa 1973. Bonde la Bekaa, Lebanon, ambako Syria iliweka makombora yake, 9 Juni 1982, ikarusha droni kwanza, rada za Syria zikawashwa kuzifuata, na rada ikiwaka tu inajitaja ilipo. Betri 19, yaani vikosi vya makombora, nyingi zikaisha kwa saa chache.

Ndiyo maana Ukraine mwaka 2022 ilihamisha hamisha mapema mitambo yake ya kutungulia ndege, Buk na S-300, isikutwe mahali pamoja, Urusi yenye jeti nyingi kuliko wao ikashindwa kuishika anga, na mpaka leo kazi kubwa ya kupiga mle ndani inafanywa na makombora ya mbali na droni. Kamanda wa kikosi kidogo sasa anaamua kwa dakika, hana muda wa kusubiri simu kutoka makao makuu. Haya, maswali, tuanze na yule wa nyuma pale.