Petru wa Hereni: Barua ya Paris, Deni la Istanbul

SALMA: Karibuni tena. Leo Bakari kaniletea mwanamume wa hereni.

BAKARI: Hereni ya lulu, dada, sikio moja! Ndiyo maana ya jina lake, Petru Cercel: cercel kwa Kiromania ni hereni. Mtindo huo ulikuwa umeshika kwa Mfalme Henri wa Tatu wa Ufaransa, naye Petru alikaa sana pale.

SALMA: Mfaransa?

BAKARI: La, wa Wallachia, kusini mwa Romania ya leo. Baba yake, Pătrașcu, aliwahi kutawala huko. Petru akafika Paris na ombi moja: nisaidieni nikae kwenye kiti cha baba.

SALMA: Ngoja kwanza. Kiti kiko Wallachia, yeye anapiga hodi Paris?

BAKARI: Kwa sababu funguo ziko Istanbul! Wallachia ilikuwa ikimlipa sultani wa Waturuki wa Osmani kodi, na mtawala hakai bila idhini yake. Wafaransa nao walikuwa wanasikilizwa kule tangu enzi za mfalme wao François wa Kwanza na Sultani Suleiman. Basi Henri akamwombea kwa barua, na balozi wake kule Istanbul, Jacques de Germigny, akalisukuma jambo mbele ya Sultani Murad wa Tatu.

SALMA: Ikawa.

BAKARI: Haikuwa bure. Henri ametoa maneno mazuri; fedha ya kuwaridhisha wakubwa wa Istanbul ilikuwa juu ya Petru. Akakopa. Mwaka 1583 Mihnea, aliyekuwa akitawala Wallachia, akaondolewa, Petru akakalishwa.

SALMA: Na deni likaangukia wakulima, nakuona unavyocheka.

BAKARI: Unanijua. Kodi ikapanda. Lakini mimi huyu jamaa ananivutia, nikiri tu. Kule Târgoviște, mji wa watawala wa Wallachia, akapanua jumba, akajenga kanisa, kati ya hayo mawili akaweka njia ya kupita kutoka ndani hadi kwenye ibada bila kukanyaga nje. Akasubu mizinga ya shaba. Katibu wake, Franco Sivori wa Genoa, ndiye aliyetuachia habari nyingi hizi.

SALMA: Miaka mingapi yote hayo?

BAKARI: Hata miwili haikutimia. 1585 Mihnea akarudi kwa mlango uleule wa Istanbul. Petru akakimbilia nchi jirani ya Transylvania na mali yake, wakamnyang'anya, wakamfunga. Akatoroka, akazunguka Ulaya, kisha akarudi Istanbul kujaribu tena.

SALMA: Jamani, Istanbul tena!

BAKARI: Wakamkamata. 1590 wakamuua.

SALMA: Na Wafaransa?

BAKARI: Walikuwa na vita vyao vya dini nyumbani. Sasa sikia kituko. Mihai, anayesemekana ni ndugu yake Petru kwa baba, alipata kiti hichohicho mwaka 1593, naye kwa mikopo. Mwaka uliofuata akawaita wadai wake Bucharest waje wachukue chao. Walipokusanyika, akawaua.

SALMA: Na sisi tuliofundishwa dawa ya deni kulipa!