Kipindi cha leo: Jino limecheza

REHEMA: Kabla hujawakaribisha watu, Juma, jino langu la kupandikiza limecheza.

JUMA: Lile gego la chini?

REHEMA: Hilo hilo. Wasikilizaji wetu wamelisubiri pamoja nami miezi mitano, mfupa ushike kwanza ndipo taji liwekwe. Jumanne natafuna, nikasikia "tk!" Maumivu hakuna. Nikaligusa kwa ulimi, linazunguka.

JUMA: Linazunguka au linayumba? Hayo ni mawili tofauti.

REHEMA: Linazunguka, kama kifuniko cha chupa kilicholegea. Usiku huo sikulala. Nilijua mfupa umelikataa.

JUMA: Ungenipigia simu, dada. Wanaotusikiliza leo kwa mara ya kwanza: jino la kupandikiza ni vitu vitatu. Chini kabisa mzizi wa titani, umezama ndani ya taya. Juu yake kigingi, ndiyo abatimenti hiyo. Juu ya kigingi, taji, ndilo jino unaloliona. Kigingi kinabanwa kwenye mzizi na skrubu nyembamba sana. Taji likizunguka, wa kwanza kushukiwa ni skrubu hiyo.

REHEMA: Na ndiyo ilikuwa. Daktari alipiga eksirei, mfupa umeukumbatia mzizi vizuri. Nikashusha pumzi, nikamwambia basi kaza. Akasema hawezi, taji limegandishwa kwa saruji juu ya kigingi. Hana njia ya kuifikia skrubu mpaka alitoboe.

JUMA: Ee.

REHEMA: Jino langu jipya, Juma! Nimelala pale nasikia vumbi la kaure kwenye ulimi. Akatoboa, akakaza, akaziba. Sasa wewe unayeyatengeneza haya maabara, niambie: kwa nini tundu halikuachwa tangu mwanzo?

JUMA: Tulipanga kuanza na Brånemark, mwanzilishi wa meno haya, na sungura wake...

REHEMA: Watafika. Nijibu kwanza.

JUMA: Kuna njia mbili. Taji la skrubu lina tundu juu, skrubu inapita humo, tundu linazibwa kwa rangi ya jino. Taji la saruji halina tundu, linagandishwa tu. Na sisi mafundi hatuchagui saruji kwa uvivu. Tundu linakata kaure mahali hasa panapotafuna, na panakuwa dhaifu. Halafu fikiria jino la mbele. Mzizi ukiinama kidogo kufuata mfupa, tundu linatokea usoni pa jino. Utacheka na watu ukiwa na kiraka?

REHEMA: Langu ni gego. Nani analitazama?

JUMA: Na gego linabeba nguvu nyingi kuliko meno mengine. Kaure ikipasuka utanilaumu mimi.

REHEMA: Kaure ikipasuka unatengeneza nyingine. Lakini saruji ikiteleza chini ya ufizi wakati wa kugandisha, ikabaki humo bila mtu kuiona, ufizi unavimba na mfupa unaanza kuliwa polepole. Wewe mwenyewe ulinifundisha hilo.

JUMA: Nilisema ikibaki. Kigingi kikichongwa vizuri, ukingo wake usizame sana chini ya ufizi, daktari anaiona saruji na kuiondoa yote.

REHEMA: "Kikichongwa vizuri." Mimi nasema juu ya binadamu wanaochoka saa kumi jioni.

JUMA: Na mimi ni mmoja wao, ndiyo maana nakazana na kigingi.

REHEMA: Haya, mlete huyo Brånemark wako.

JUMA: Msweden, mwaka 1952. Alipachika kichupa cha titani kwenye mfupa wa sungura ili achunguze damu inavyopita. Alipotaka kukitoa, hakitoki, mfupa umekikamata. Mwaka 1965 akampandikizia meno mgonjwa wa kwanza.

REHEMA: Na meno yale aliyafunga kwa kitu gani?

JUMA: ...Kwa skrubu.

REHEMA: Asante.

JUMA: Subiri! Mgonjwa yule alikuwa kibogoyo wa taya la chini. Unafunga safu nzima ya meno, lazima uweze kuifungua. Kuziba pengo moja ni kazi nyingine.

REHEMA: Pengo moja nalo lina skrubu moja, na skrubu hiyo imelegea. Nikuambie kilichonitisha zaidi? Sikuhisi. Jino la kuzaliwa limeshikiliwa na nyuzinyuzi zenye hisia, likilegea kidogo unajua siku hiyo hiyo. Hili limeshikana na mfupa moja kwa moja, halina mto, halina mlinzi. Huenda skrubu ililegea wiki nzima nami natafuna tu. Kitu kisichoweza kunionya kinafungwaje kwa njia isiyofunguka?

JUMA: Hapo umenigusa. Lakini bado nisingekuwekea tundu.

REHEMA: Bado?

JUMA: Bado. Skrubu ikikazwa kwa kipimo chake tangu siku ya kwanza, nyingi hazilegei. Siwezi kudhoofisha kila taji kwa ajili ya moja litakalolegea.

REHEMA: Nami sikubali. Angalau mgonjwa aambiwe kabla: lako litagandishwa, siku likileta shida litatobolewa. Mimi sikuambiwa.

JUMA: Hilo la kuambiwa, ndiyo. La tundu, hapana.

REHEMA: Tumebakiza dakika ngapi?

JUMA: Mbili. Na nina karatasi nzima hapa: mfupa unavyopungua pengo likikaa wazi, sigara, kisukari, kusafisha chini ya taji...

REHEMA: Iweke. Jumamosi narudi kwa daktari.

JUMA: Muulize alikaza kwa kipimo gani.

REHEMA: Nilimuuliza. Nyutoni sentimita 35.

JUMA: Basi amefanya kazi.

REHEMA: Kupitia kwenye tundu, Juma.

JUMA: Dada Rehema, muda umekwisha.